Nusu Inchi ya Kalama

"Nusu inchi ni nini, Mama? Hata jicho haliioni!"

"Tairi zinaiona."

Mwanangu Kalama alikuwa amechutama mbele ya lori, uani kwetu Kisauni, kashika ncha moja ya kamba ya usumba wa makumbi ya nazi. Ncha ya pili aliishika mkewe Nyamvula, kwenye gurudumu la upande wa pili. Walikuwa wakinyoosha magurudumu ya mbele wenyewe. Mimi nilikwisha kupima kwa ufito, nikaona nafasi kati ya tairi hizo mbili mbele imepungua kuliko nyuma kwa nusu inchi nzima. Kamba yake ilimwambia pako sawa.

Tairi mbili zilikwisha kuisha katika miezi mitatu, upande wa nje zimelika mpaka nyuzi nje. Hizi mbili ndizo za mwisho. Vita vilikwisha mwaka jana, lakini tairi mpya bado zilitaka kibali, na karani wa vibali alituambia tusirudi mpaka mwaka ujao. Bila tairi hakuna kubeba mawe ya machimbo ya Mwakirunge, na bila mawe nyumba hii haili.

"Kwa kamba kama hii," Kalama akasema, "waashi wamesimamisha nyumba zote unazoziona hapa."

"Nyumba haziendi Mwakirunge."

Nyamvula akainamisha uso asicheke. Kalama alimwona.

"Usumba huvutika," nikasema. "Mbele umevuta kwa nguvu, nyuma umelegeza mkono. Chukua ufito. Tia alama ya chaki kwenye tairi, pima mbele, sukuma lori mpaka alama ifike nyuma, pima tena. Mbele papungue sehemu moja ya nane ya inchi. Ikifika robo, fungua uanze upya."

"Nimeendesha lori la jeshi Burma, Mama, matope mpaka kiunoni. Hakuna aliyenipimia na kijiti."

"Tairi za Burma zilikuwa za Mfalme. Hizi ni zetu."

"Zetu? Zako! Baba lori alikuachia wewe. Mimi niko vitani, narudi, nakuta nimekuwa dereva wa mama yangu."

Ilikuwa kweli. Nikampa jibu baya.

"Baba yako alikujua."

Kalama akasimama. Akaikunja ile kamba polepole, akaitupa juu ya boneti.

"Limenyooka," akasema. "Natia maji kwenye rejeta, kisha nakwenda kupakia. Atakayetaka kupima, akapime barabara."

Akachukua debe, akaenda kisimani.

Nyamvula alinitazama. Nilitoa jeki chini ya kiti, nikaisukuma chini ya ekseli. Nati za kwanza zilikuwa ngumu. Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili, zikalegea, ndipo nikainua.

Kalama aliporudi, gurudumu moja lilikuwa limelala mchangani, na la pili limebakiwa na nati mbili.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafungua."

"Watu wananingoja machimboni!"

"Watangoja."

"Nyamvula, mwambie aache!"

Nikatoa nati za mwisho, nikalivuta gurudumu, nikalisimamisha.

"Nyamvula, mwanangu, viringisha hilo lingine. Yanakwenda chumbani kwangu."

Akalinyanyua kutoka mchangani, akapita nalo mbele ya mumewe, na mimi nikamfuata na langu. Nikafunga mlango kwa kufuli.