Lango la Ottavia

Niseme ukweli mapema, nisije nikasemewa: mimi nina wivu. Sijaambiwa na mtu, najijua. Dada yangu Ottavia akinunua koti, langu linachakaa siku hiyohiyo. Akipika wali wa vyura, chakula cha sifa huku kwetu, watu wakajilamba vidole, mimi nikirudi nyumbani sufuria zangu zinakiona kwa kubamizwa. Nilizaliwa wa pili, na sasa nina miaka hamsini na sita, bado ni wa pili.

Baba alipofariki alituachia shamba la mpunga hapa Lomellina, kwenye bonde la mto Po, tukiwa wawili tu. Ottavia alipata majaruba ya juu, karibu na mfereji mkubwa, yenye lango lake lenyewe la maji. Mimi nikapata ya chini, kando ya barabara ya kanisani, na katikati yake chemchemi. Watu wakaniambia nimebahatika, maana ardhi ya Ottavia ni mchanga mtupu, inakunywa maji kama mlevi siku ya mshahara. Lakini mimi nililiona lango tu. Lango la chuma, kubwa, jina la babu yetu limechongwa juu yake. Kwa nini yeye?

Kitu kimoja Baba alinipa mimi peke yangu, nacho ni mbegu. Mpunga wake wa zamani, tunauita Rosina kwa jina la bibi yetu, punje nene zisizopondeka jikoni, na hakuna mwingine anayeulima tena. Kila mwaka niliupanda kwenye jaruba moja, lile la chemchemi, nikavuna, nikatunza mbegu ya mwaka unaofuata. Na kila mwezi wa tatu Ottavia alikuja mlangoni.

"Nives, mdogo wangu, nigawie hata kikombe kimoja. Likitokea la kutokea, mbegu iwe mahali pawili."

"Wewe una lango, dada. Mbegu niachie mimi."

Miaka tisa aliomba, miaka tisa nilimnyima, na kila nilipomnyima nililala usingizi mtamu.

Mwaka ule theluji haikuanguka kwenye milima ya Alpi. Kufika mwezi wa tatu mto Po ulikuwa kokoto, unavuka bila kuvua viatu. Umoja wa mfereji ukatupangia maji kwa zamu, kila shamba na saa zake. Bwana shamba akaja kwenye ukumbi wa kanisa na picha zake ukutani, akasema: pandeni soya, pandeni mahindi, na anayeng'ang'ania mpunga aupande kwenye udongo mkavu kwa mashine, kama ngano, asitake maji mpaka mwezi wa sita. Karibu kijiji kizima tukamsikiliza. Nusu ya shamba langu nikaweka soya, nusu mpunga mkavu. Jaruba la Rosina peke yake nililipanda ndani ya maji, kwa sababu chemchemi yangu haijapata kukauka, hata miaka ya vita haikukauka.

Mbegu yote nikaimwaga humo. Ndiyo, yote. Gunia la akiba nilikuwa nimelikoboa mwezi wa kwanza, kwa sababu mwenye mkahawa mmoja wa Milano alionja mchele wangu akasema hajala mchele kama huo tangu azaliwe, na alisema hivyo mbele ya Ottavia. Mbele yake kabisa! Ningemkatalia vipi? Nikamuuzia mpaka punje ya mwisho.

Na Ottavia je? Mwezi wa nne, saa yake ilipofika, alifungua lango akajaza majaruba yake yote maji, kama enzi za Baba. Kijiji chote vumbi, kwake kunametameta. Yangeyange wote wakahamia kwake. Jumapili watu wa mjini wakaja kwa baiskeli kupiga picha. Gazeti likamtoa ukurasa mzima, amesimama kwenye tuta na mabuti ya Baba. Mabuti ya Baba! Gazeti hilo nililitandika kwenye banda la kuku.

Mwezi wa sita ukafika, na kila mmoja aliyepanda pakavu akataka maji wiki ileile. Yangetoka wapi? Mpunga wangu mkavu ukawa njano. Wa Ottavia ulikuwa kijani mpaka unaumiza macho, na mimi nilikuwa naupita kila asubuhi, ingawa kuna njia nyingine.

Nikamwendea mzee Gaudenzio, mlinzi wa mfereji, mwenye funguo za malango yote. Alikuwa baa, na glasi yake ndogo ya mvinyo mweupe.

"Mzee, dada yangu unampa saa ngapi?"

"Saa zake."

"Mbona zake zinatosha na zangu hazitoshi?"

"Za kwake alizitumia wakati ninyi hamzitaki. Sasa anaongezea tu."

"Anamwaga maji mchangani! Yanazama yote, yanapotea!"

Gaudenzio akaizungusha glasi. "Yanapotelea wapi, Nives?"

"Nitajuaje?"

"Na chemchemi yako inakula wapi?"

"Alpi. Kila mtu anajua."

"Alpi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya mama, Alpi." Akamwita mwenye baa amwongezee.

Nilikasirika, nikaona amehongwa kwa wali wa vyura. Ijumaa ulipoitishwa mkutano wa umoja, nilisimama wa kwanza. Nilisema vizuri siku ile, sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema maji ni ya wote. Nilisema kuna mtu mmoja anayanywesha mchanga ili apigwe picha, na watoto wa wenzake watakula nini? Sikumtaja jina. Vichwa vyote viligeuka kumtazama.

Ottavia aliinuka polepole. "Nives, unajua unachokiomba?"

"Naomba haki."

"Umefikiri lakini?"

"Tangu lini wewe ukanifundisha kufikiri?"

Watu wakaguna. Akakaa. Mikono ikainuliwa, na kura ikapita kwa wingi: lango la Ottavia lifungwe mpaka mwisho wa mwezi wa saba, zamu zake tugawane sisi wengine, yeye abaki na saa mbili kwa wiki za kuokoa jaruba moja tu. Gaudenzio alilifunga kwa mnyororo kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa napita tu.

Siku hiyo nilipika wali kwa soseji na maharage, nikala sahani mbili. Wiki nzima nilipita kwenye majaruba yake nikiona maji yanavyoshuka, matope yanavyopasuka, kijani kinavyofifia. Mungu anisamehe, nilikuwa napiga mluzi.

Siku ya tisa nilikuta yangeyange amesimama katikati ya chemchemi yangu, na maji hayamfiki magotini. Nikamfukuza. Siku ya kumi na mbili mapovu yanayopanda kutoka chini yalikuwa yamekoma. Siku ya kumi na nne palikuwa na tope na vyura wanaruka hawajui waende wapi, na Rosina, ambaye alikuwa anaanza kubeba masuke, alikuwa amekunja majani.

Nilimpigia simu Gaudenzio, akaja na baiskeli yake. Akaokota kijiti, akachora mstari kwenye vumbi, huku juu Ottavia, huku chini mimi, na katikati akachoma vitundu vitundu.

"Mchanga wa dada yako unakunywa," akasema, "na wewe unatapikiwa maji safi, baridi, bila kulipa. Miaka yote majirani wote wa juu walijaza maji, hamkuona tofauti. Mwaka huu amejaza mmoja tu. Mwaka huu chemchemi yako ilikuwa Ottavia peke yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza inakula wapi. Ukanipa Alpi."

Nilikimbilia kwa mwenyekiti wa umoja. Akaniambia zamu zimeshagawiwa, watu wameshaonja maji, nani atayarudisha? "Kura uliiomba mwenyewe, bibie. Tena uliiomba vizuri." Nikaondoka naona aibu mpaka kwenye unyayo.

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nilipanda kwa Ottavia kwa miguu, kupitia tuta lake lililopasuka. Alikuwa jikoni anamenya maharage. Hakuinua macho.

"Dada, nimekuja."

"Nimekuona tangu kwenye lango. Kaa."

Sikukaa. "Rosina anakufa."

"Najua. Nilikuwa nahesabu siku."

"Ulijua? Ulijua, na mkutanoni ukanyamaza?"

"Ningesema kwamba maji yangu ndiyo yanayokulisha, ungeniamini?"

Nisingemwamini. Ningesema anajivuna, ningecheka, na ukumbi mzima ungecheka pamoja nami.

"Ottavia, nisikie. Sina akiba. Gunia nililiuza. Una mbegu yoyote? Hata kama uliniibia, sitauliza, nipe tu."

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na maharage hayamlizi mtu.

"Miaka tisa nilikuja mlangoni kwako na kikombe mkononi. Miaka tisa, Nives! Laiti ningekuibia."

Nikakaa. Nililia kama mtoto aliyevunja chungu, na yeye akaendelea kumenya maharage mpaka bakuli likajaa. Kisha akainuka akavaa mabuti ya Baba, na hata wakati ule, na machozi usoni, niliyaonea gere.

Saa zake mbili zilikuwa alasiri ile. Gaudenzio akafungua mnyororo, na Ottavia hakuyapeleka maji kwenye jaruba lake moja aliloachiwa. Aliyavuta kwa pampu kwenye tangi la trekta, akashuka nalo taratibu mpaka kwangu. Nilipoanza kusema asante akanikata.

"Usinishukuru. Rosina ni bibi yangu pia."

Maji yale hayakutosha jaruba zima, hayakutosha hata robo. Tulijenga tuta dogo kwa majembe kwenye pembe moja, pakubwa kama sebule, tukamwaga hapo tangi baada ya tangi. Hivyo kila wiki, wiki sita, maana mwezi wa saba ulipoisha na lango likafunguliwa, maji yaliyokuja yalikuwa machache, hayakufika hata kwenye jaruba lake la kwanza, tukaendelea kuyavuta langoni kwa pampu. Jaruba lake la mwisho likafa mbele ya macho yake. Nilimwona siku moja amesimama hapo, amechuma suke moja tupu, analisugua kiganjani. Nilitaka kumwita. Nilikosa uso.

Mwezi wa tisa tulivuna pembe ile kwa mundu, sisi wawili, migongo inalia. Tukapura kwa mikono, tukapepeta, ikapatikana ndoo moja, haikujaa. Ndoo moja ya Rosina duniani kote. Tukaimwaga juu ya meza ya jikoni kwangu.

"Ni yako," akasema Ottavia. "Baba alikupa wewe."

"Lete kikombe," nikasema.

Nikaanza kugawa kwenye mifuko miwili. Kikombe kwake, kikombe kwangu. Nilikuwa nakwangua juu ya kila kikombe kwa kisu ili kisizidi, na nilikuwa nakwangua cha kwake zaidi, sikatai. Aliona. Kwake, kwangu, kwake, kwangu, mpaka mezani kikabaki kikombe kimoja kisicho na mwenzake.

Tulikitazama. Nje trekta lake lilikuwa limeegeshwa pale chemchemini, ambako tope lilikuwa limekauka na kupasuka.

"Kiweke upande wako," akasema. "Mimi nina lango."

Maneno yangu yale, mdomoni mwake, bila hasira hata kidogo. Yaliniingia. Nikakishika kikombe. Mkono ulikuwa unavuta upande wangu, nauona kabisa unavuta, na roho inaniambia, Nives, ni kimoja tu, na alikwambia mwenyewe.

Nikakimimina kwenye mfuko wake, haraka, kabla sijabadili nia.