Daftari la Siku za Dada

Mimi hupiga deki kwenye zahanati. Daktari wetu alikuwa anasoma kwa kompyuta mafunzo ya ugonjwa wa uchovu usioisha. Alisoma kwa mtindo wake: video inaongea peke yake, yeye yuko chumba cha pili anashona kidonda, halafu anarudi kubonyeza "endelea". Aliyesikiliza ni mimi na ndoo yangu.

Somo la tatu mwalimu akasema, mgonjwa wa hivi akilazimishwa mazoezi, leo utamwona mzima, kesho au keshokutwa yuko chini. Nikaacha kukamua tambara. Alikuwa anamsema dada yangu.

Dada ni fundi cherehani kiwandani. Daktari huyuhuyu alimwandikia: "Hana tatizo. Atembee saa nzima kila asubuhi." Akatembea. Siku ya pili kuchana nywele kulimshinda. Sasa kiwandani wamempa mpaka Ijumaa: alete barua ya daktari ya kupunguziwa saa, au aondoke.

Niliishia shule ya msingi, lakini kuandika najua. Tangu matembezi yale niliandika kila siku ya dada: kafua mashati mawili, kacheka, kesho yake kalala mpaka jioni.

Alhamisi nikamkuta Daktari kashika kichwa. Somo la mwisho lilimgomea. Lilitaka kumbukumbu za mgonjwa mmoja, siku kumi na nne mfululizo.

"Binti, hiyo ndoo inanipigia kelele. Natafuta mgonjwa hapa."

"Unaye. Ulimwambia atembee."

Nikaweka daftari mezani. Akalifungua akitabasamu. "Umekuwa muuguzi siku hizi?"

"Hapana, mdogo wake tu. Na mwenyewe karuhusu usome."

Akasoma. Tabasamu likaisha. Akarudi nyuma ukurasa, akasoma tena kwa kidole.

"Nipe nikanakili."

Nikalifunika kwa kiganja. "Utanakili lote. Kwanza uangalie somo la tatu, ukiwa umekaa. Halafu barua."

"Una jeuri wewe."

"Ninayo, Daktari. Na kesho ni Ijumaa."

Akavuta kiti. Nikambonyezea mwenyewe, pa kubonyeza nilishapajua. Wagonjwa wawili walichungulia mlangoni, akawaomba wasubiri. Video ilipoisha akachukua kalamu.

Nyumbani nilimsomea dada barua akiwa amejilaza, pazia limeshushwa. "Afanye kazi saa nne kwa siku, na apumzike kabla hajachoka."

"Rudia hapo pa 'kabla hajachoka'," akasema.

Nikarudia.