Pwani ya Goweko

Mwanamkuu hakuwahi kuiona bahari. Aliisikia tu kwa babu yake, Mzaramo, aliyepanda bara zamani za misafara, akafika Tabora, akaoa, akajenga, akazikwa hapo hapo. Mali hakuacha. Aliacha ugonjwa wa kutamani pwani, nao ukaingia kwa wanawe, kwa wajukuu, hata kwa majirani ambao babu zao hawakutoka popote.

Ndiyo maana lile bwawa la karibu na Goweko, lenye mchanga mweupe upande huu na mikoche mirefu upande ule, watu wa mjini waliliita Pwani. Kila Saba Saba, tangu mwaka uliofuata Uhuru, wanawake wa mtaa wa Mwanamkuu walikodi lori, wakapakia masufuria ya pilau, mikeka, ngoma na watoto, wakaenda mandari. Watoto walioga mpaka midomo ikawatetemeka. Wazee walikunja nguo zao, wakaingia maji ya kifundo cha mguu, wakaonja kwa ncha ya kidole na kuambiana, "Leo chumvi imezidi." Na kila mwaka walicheka kana kwamba mzaha huo umezaliwa asubuhi ile.

Mwanamkuu naye alicheka, lakini yeye hakupanda lori kwa ajili ya maji. Alimfuata mtani wake.

Apolinaria alikuwa Mnyamwezi, mkulima, Mkristo asiyekosa sala ya Jumapili, na nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya bwawa. Sasa, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi zile za kubeba mizigo. Wana ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa, na wana kazi ya kuzikana. Hiyo ya pili ndiyo kubwa. Mtu akifa, ndugu wanalia. Mtani ndiye anayekuja kulala kaburini akatae kutoka, amwigize marehemu alivyotembea na alivyokohoa, mpaka mjane acheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Msiba usio na mtani haumaliziki. Unabaki umekaa kifuani kama tonge kavu.

Saba Saba ya mwaka sabini na nne, lori lilipofika tu, Apolinaria alikuwa amekwisha simama mchangani, mikono kiunoni.

"Shukeni, Wazaramo! Naona leo mmebebwa na lori. Babu zenu walibebwa hivi hivi."

"Walibebwa na nani kama si babu yako?" Mwanamkuu alimjibu akiwa bado juu, mguu mmoja hewani akitafuta pa kukanyaga. "Hebu geuka tuone sugu ya mgongo!"

"Sugu ipo, ila sikuonyeshi bure."

Nyuma yake alikuja mumewe, Silasi, mtu wa tumbaku na mizinga ya nyuki. Alikuwa na kofia yake ya pama isiyovuliwa ila kanisani, mguu wa kushoto akiuburuta, na kila hatua kadhaa akisimama kukohoa. Mkononi alishika kibuyu cha asali na bakuli la michembe, vile viazi vya kukausha.

"Mtani, kula taratibu," alisema akimpa Mwanamkuu. "Meno yamebaki mangapi?"

"Yanayotosha kukutafuna wewe. Hicho kikohozi kinakupeleka lini? Mimi nataka hiyo kofia. Nitalala kaburini mwako, na sitoki mpaka wanipe kofia."

Silasi alicheka mpaka akashika mti. "Wewe uje tu," alisema alipopata pumzi. "Usipokuja nitazikwa kama mbuzi aliyetumbukia kisimani."

Walipokwisha kula, wanawake wawili wale walitandika mkeka wao mbali na kelele za watoto, wakaanza vitendawili. Kila mtu anajua desturi: anayeshindwa kutegua hutoa mji. Lakini wengine hutoa mji wowote ule unaomjia mdomoni. Hawa wawili walitoa miji ya njia ya misafara tu, kuanzia Bagamoyo mpaka Ujiji. Kwa miaka yote ile Apolinaria alikuwa amejishindia Bagamoyo, Mpwapwa na Kilimatinde. Mwanamkuu alikuwa na Uvinza na Ujiji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga mji wake.

"Mwaka mmoja tutapanda treni," Apolinaria alipenda kusema, "kila mtu akakague miji yake. Mimi nitakuruhusu uoge baharini kwangu Bagamoyo. Nitakuhurumia, maana ndiko kwenu."

"Nawe nitakuuzia dagaa wa Ujiji. Bei ya mtani, yaani mara mbili."

Tena walikuwa na jambo lao wenyewe, ambalo sijasikia wengine wakilifanya. Kitendawili cha mwisho wa siku hakikuteguliwa wala hakikutolewa mji. Aliyeshindwa aliondoka nacho mpaka mwaka ujao. Kitendawili kilichobaki wazi ni kama makaa yaliyofunikwa majivu jikoni: mwenye nyumba lazima arudi.

Siku ile zamu ya kutega ilikuwa ya Apolinaria.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Aingiaye humkanyaga, atokaye humkanyaga. Wote wakihama, yeye hachukuliwi."

Mwanamkuu akafikiri. Dereva alikuwa anapiga honi.

"Njia."

"Njia unaiingia wewe? Umekuwa siafu?"

"Mkeka basi."

"Kwenu mkihama mnaacha mikeka? Ndiyo maana mnalala chini. Nipe mji!"

"Sikupi. Naondoka nacho."

"Nenda nacho. Na urudi nacho, mtumwa wangu wee!"

Lori likaondoka, Silasi akipunga kofia.

Mwezi wa kumi magari ya serikali yakaanza kupita vijijini. Watu waliambiwa waondoke kwenye nyumba zao za mbali mbali, wakae pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Wengine walikubali kwa hiari, wengine walipandishwa. Mjini habari zilifika sokoni kwa vipande vipande: kule wamechukuliwa na karanga zikiwa ghalani, kule mvua imewakuta chini ya miti. Mwanamkuu alitega sikio. Kila msafiri wa Goweko alimuuliza, na kila msafiri alisema hajui. Akajipa moyo kwamba Apolinaria ana mdomo, atatuma neno. Mvua zikanyesha, zikakatika. Neno halikuja.

Saba Saba ya mwaka uliofuata, lori halikupatikana. Petroli ilikuwa ghali, mchele wa pilau haukuonekana, na wanawake wa mtaani hawakuwa na hamu.

"Mwanamkuu, mwenzetu, Pwani kuna nani sasa?" walimwuliza.

"Mtani wangu atakuja. Tuna kitendawili."

"Hata kama wamehamishwa?"

"Wamehamisha nyumba, hawakuhamisha Saba Saba."

Akapika wali kidogo wa nazi, mchele na nazi vyote alivipata kwa kusumbua watu, akaufunga kwenye kanga, akapanda treni peke yake. Kutoka stesheni ya Goweko akatembea. Alitandika mkeka pale pale pa siku zote, akaketi akitazama upande wa nyumba ya Apolinaria, tusi la kumpokelea likiwa tayari ulimini. Jua likapanda. Ng'ombe wa mtu wakaja kunywa, wakaondoka. Alionja maji kwa kidole, akaangalia kushoto na kulia, hapakuwa na wa kumwambia habari ya chumvi.

Jua lilipopinda akainuka, akaenda kwenye nyumba.

Paa halikuwepo. Kuta zilikuwa zimelainishwa na mvua, zikaanguka kwa ndani, na magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Mlango ulikuwa umekwisha chukuliwa. Mwanamkuu akapita palipokuwa mlangoni, na mguu wake ukakanyaga kitu kigumu. Lilikuwa gogo la mninga, limelala chini mlangoni, katikati limeliwa na nyayo za watu mpaka likawa na bonde. Akasimama juu yake, mguu mmoja nje na mmoja ndani.

"Kizingiti," alisema kwa sauti.

Aingiaye humkanyaga, atokaye humkanyaga. Wote wakihama, yeye hachukuliwi.

Alifurahi, hakuna haja ya kuficha. Alifurahi kabla hajaona haya kufurahi mahali kama pale.

Mtu mmoja aitwaye Anton, aliyekuwa akitafuta kuni kwenye magofu, ndiye aliyemwambia walikokwenda. Kilikuwa kijiji kipya kando ya barabara, kilichopewa jina la Mapambazuko. Akampakia nyuma ya baiskeli yake.

"Ni jamaa yako, mama?" Anton aliuliza akikanyaga.

"Ni mtumwa wangu."

Anton akacheka, akaongeza mwendo.

Mapambazuko ilikuwa nyumba zilizopangwa kwa mistari, zote sawa, uwanja mtupu mbele yake. Apolinaria alikuwa ameketi nje ya mojawapo akichambua maharage. Alikuwa amekonda, na kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheusi.

Mwanamkuu hakuona kitambaa. Aliona mtani wake.

"We kizee!" alipiga kelele kutoka kwenye baiskeli. "Umenikimbia na deni la kitendawili! Mnatoroka usiku kama wapagazi walioiba shanga za babu yangu!"

Apolinaria akainuka. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye nguo, akaja, akainama kidogo, akampa mkono.

"Karibu, dada," alisema. "Habari za mjini? Hamjambo nyote?"

Mwanamkuu alibaki na mkono ule mkononi. Miaka yote hakuwahi kuitwa dada na mtu yule. Kwa adabu ile akajua kuna jambo, na kwa kitambaa kile, ambacho sasa alikiona, akalijua ni jambo gani.

"Silasi?"

"Tulikaa siku nyingi chini ya turubai, mvua inanyesha. Kifua unakijua kilivyokuwa." Apolinaria alimsogezea kigoda. "Keti, dada. Umetoka mbali."

"Mbona sikuambiwa?"

"Nilimtuma kijana. Wasimamizi wa kijiji walimrudisha njiani, walidhani anatoroka kurudi makao ya zamani." Alichukua ungo wake, akaanza tena kuchambua. "Mimi sikujua kama amerudishwa. Nilimwambia padri angoje kidogo, mtani wetu anakuja na treni. Akangoja. Watu wakaanza kuloa. Basi, tukazika."

"Sikupata habari, Apolinaria. Wallahi sikupata."

"Najua. Nilijua baadaye. Lakini siku ile sikujua."

Hapo Mwanamkuu alifanya alichoweza. Aliinuka, akaivuta kanga yake kichwani kama ukingo wa kofia, akaenda uwanjani akiburuta mguu wa kushoto. Akasimama, akakohoa kikohozi kile cha Silasi, kile kile, cha kuanzia chini na kumalizia kwa mluzi. "Nani amemwaga asali yangu?" alisema kwa sauti nzito. "Ni yule Mzaramo asiye na meno!"

Watoto wa nyumba ya jirani waliacha mchezo wao, wakamtazama. Mwanamke mmoja akatoka mlangoni, akaingia tena. Mwanamkuu akazunguka mara nyingine, akikohoa, macho yake kwenye uso wa Apolinaria akitafuta hata mkunjo mmoja wa kicheko.

"Njoo uketi, dada," Apolinaria alisema kwa upole. "Utachoka."

Akaja, akaketi. Walikula wali ule wa nazi. Apolinaria alisema ni mtamu, akashukuru. Zamani angesema umepikwa na maji ya kuoshea miguu.

"Nimekitegua," Mwanamkuu alisema mwishowe. "Ni kizingiti."

"Ndiyo. Ni kizingiti."

"Basi mimi nitege sasa. Kitendawili!"

Apolinaria alikuwa amesimama. Aliingia ndani, akatoka na kofia ya pama, akampa kwa mikono miwili.

"Hii ni yako. Alisema upewe."

"Nitaichukuaje? Sikulala kaburini."

"Chukua, dada. Na miji yangu chukua. Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde. Sina nilichobakiza."

"Sikuomba miji! Nimekuja uniambie 'tega'! Sema 'tega' tu, nami nitaondoka."

"Umeshinda," Apolinaria alisema, na macho yake yalikuwa barabarani kwa Anton, aliyekuwa akingoja. "Mbebe mama vizuri kwenye baiskeli, mwanangu. Njia ina mashimo."

Treni ya kutoka Dar es Salaam iliingia Goweko giza likianza kushika. Mwanamkuu alipata nafasi dirishani, mkeka wake miguuni, kofia mapajani. Jirani yake alikuwa mwanamke mwenye kitoto, anarudi kwao Kigoma. Mwanamke huyo aliutazama mkeka na kanga ya chakula.

"Ulikwenda kutembea, mama?"

"Nilikwenda mandari."

"Mandari! Huku porini? Ungekuja kwetu Ujiji, kuna maji mpaka macho yanachoka. Hujawahi kufika?"

"Bado."

"Si ufike basi? Treni ni hii hii, hushuki popote."

Mwanamkuu aliigeuza kofia ile, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Njia yote sasa ilikuwa yake, kutoka kwenye chumvi hadi kwenye dagaa, na hapakuwa na mtu wa kumpokonya hata mji mmoja.

"Mimi naishia Tabora," alisema, akaifunika kofia kwa kanga.