Vumbi Kwenye Mkono wa Shati

Pale kwenye jangwa la Atacama vumbi huingia hata kwenye mkate. Mzee Nibaldo, fundi wa darubini, alikuwa hapiti mbele ya kompyuta bila kupangusa kioo kwa mkono wa shati, kisha kulikung'uta vumbi lake kwa kero. Ndivyo alivyofanya mwaka jana, Yasna, mtafiti kijana wa nyota, alipoziba mwanga wa nyota moja changa kwenye picha na kumwonyesha kidoa chekundu kando yake. Alipangusa kwanza, ndipo akacheka.

"Hiyo ni nyota nyingine huko nyuma, binti. Usijipe presha."

Yasna alinuna, akasubiri. Nyota ile husogea kidogo kila mwaka. Kama kidoa kilikuwa nyota ya mbali tu, kingeachwa nyuma.

Leo, chai ya jioni ikipoa mezani, aliweka picha mpya juu ya ile ya zamani. Nyota ilikuwa imesogea. Kidoa kilikuwa kimeifuata.

"Ni sayari, mzee," alisema. "Haijapoa tangu izaliwe, ndiyo maana inang'aa, kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Na huu mduara mweusi kwenye njia yake, hapa palijaa vumbi. Imelila. Bado inakula."

"Inakula vumbi?"

"Ndivyo zinavyokua. Hata hii dunia yetu ilianza hivyo hivyo."

Nibaldo alikuwa keshapangusa kioo, kwa mazoea. Kidoa kilikuwa palepale. Akautazama mkono wa shati lake, ulivyojaa vumbi, na safari hii hakulikung'uta.