Uwanda wa Mama

Kaka yangu alipoifunua picha aliyoichora mezani kwangu, nilimuuliza kama ameimaliza au rangi zilimwishia njiani. Chini, manjano ya nyasi zilizokauka. Juu, weupe. Basi! Hakuna mti, hakuna mbuzi, hakuna hata ndege wa kubahatisha.

"Huo ndio uwanda alikozaliwa mama," akasema.

"Uwanda! Hii hata paka angeichora kwa mkia."

"Mama haoni mti tena, wewe. Haoni mbuzi. Anaona mwanga, na rangi zikiwa kubwa. Nimemchorea anachoweza kukiona."

Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba macho ya mama yanazimika na hakuna tena la kufanya. Tangu aletwe kwangu alikuwa akiona kidogo asubuhi tu, jua likiingia chumbani. Kila alipoamka na kuanza kupapasa shuka, niliogopa, maana nilijua iko siku atasema haoni kitu. Na ombi lake lilikuwa moja: auone uwanda wa kwao kabla giza halijamfika. Kumpeleka haikuwezekana, kifua chake hakikuruhusu safari.

Kazi yangu ni kutengeneza fremu. Vyeti, picha za harusi, picha za marehemu, vyote vinapita mikononi mwangu, na kila kinachoingia karakanani kwangu kinatoka na kioo. Watu wananiita Misumari, kwa sababu nikigonga nimegonga, fremu yangu haifunguki ovyo. Basi nikakata mbao, nikagonga, nikafuta kioo mpaka kikang'aa. Nilijisikia fundi kwelikweli.

Asubuhi yake tukamwinua mama, tukamwegemeza kwenye mito, dirisha likiwa nyuma yake. Picha tukaitundika ukutani mbele yake. Jua likaingia. Kaka alikuwa amekunja vidole kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Haya mama, tazama mbele."

Mama akakodoa macho. Akakunja uso.

"Naona dirisha," akasema. "Mmenigeuzia dirishani?"

Kaka akaisogelea picha, akaigusa, akanigeukia. Sijawahi kumwona na macho yale.

"Umeweka kioo? Picha ya rangi ya mafuta unaiwekea kioo?"

"Ungesema!"

"Nani anaambiwa jambo kama hilo? Mama anaona jua linarudi tu usoni kwake!"

"Mimi nawawekea watu vioo kila siku, hajawahi kuja mtu kunifokea nyumbani kwangu!"

"Kwa sababu wote wanakuogopa!"

"Wanangu," mama akasema taratibu, "gombaneni baadaye. Mwanga unaniondoka."

Tukaishusha picha, tukailaza sakafuni kando ya kitanda, nikapiga magoti na koleo mkononi. Misumari ile niliyojisifia ikagoma. Nikavuta mmoja, ukakatika kichwa. Nikavuta wa pili, kioo kikalia krr, kaka akanishika bega.

"Usikipasue! Kitachana picha."

"Basi niache nifanye kazi!"

"Fanya haraka."

"Nifanye haraka au nisikipasue? Chagua moja!"

Nilikuwa na hofu, sina haja ya kuficha. Nilijilaani mimi, kioo changu, na siku niliyojifunza kushika nyundo. Itakuwaje kama asubuhi hii ndiyo ya mwisho, na nimeimalizia kwenye misumari?

"Jamani!" mama akasema.

Tukainua vichwa pamoja. Mama alikuwa ameketi wima bila mito, machozi yanamtiririka, anatazama juu ya vichwa vyetu.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo yenyewe! Nyasi kabla ya mvua, rangi ileile. Na mbingu, tazama mbingu ilivyo kubwa. Wala hukuweka mti, baba. Umejuaje? Kule kwetu hakukuwa na mti hata mmoja. Nikitumwa maji nilikuwa naona mpaka mwisho wa dunia."

Tukageuka. Ulikuwa ukuta mtupu. Chini kulikuwa na rangi ya mafuta, manjano ya bei rahisi niliyoipaka mwenyewe ili uchafu usionekane. Juu chokaa. Jua lilikuwa limeupiga wote, kutoka pembe hadi pembe, na katikati umebaki msumari wa kutundikia.

Nikafungua mdomo. Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Kaka akanikamata mkono, akanibana mpaka koleo likaniponyoka. Kiangazi kizima alikuwa amekesha na picha ile, akipaka, akikwangua, akipaka tena.

"Ndiyo, mama," akasema. Akakohoa. "Nilijua utaitambua."

"Umeweza, mwanangu. Umeweza sana." Kisha bila kuondoa macho ukutani, akasema, "Na wewe binti yangu, usimcheke tena kaka yako."

"Sicheki, mama."

Na kweli sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeng'ata kanga nisilie kwa sauti. Mama akaendelea kutazama, akitabasamu, na jua likaanza kupungua ukutani. Kaka akaweka kiganja juu ya kioo kisije kikalia, akaisukuma picha yake polepole chini ya kitanda.