Pumzi ya Kabureta ya Kushoto

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, Kahongya alitia kipande cha mpira sikioni, akaelekeza ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta ya kulia. Ilivuta hewa vizuri, kwa mlio mmoja usiokatika. Akahamishia ncha ile kwenye kabureta ya kushoto. Huko hewa iliingia, ikatulia, ikatoka. Kisha kabureta ikakohoa na kumeza mate.

"Mama Virginie," akasema, "bwana yako iko humu."

Virginie alikuwa ameketi juu ya tairi mlangoni mwa karakana, hapo Mususa, mtaa wa Butembo. Akainuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua mpira. Alisikiliza muda wa Salamu Maria tatu.

"Njo yeye," akasema. "Anapumuaka vile akilala upande."

Mumewe Esdras alikuwa ameondoka Butembo siku kumi na sita kabla, kwenda kuvuna kakao yake upande wa Mutwanga. Pikipiki aliiacha nyumbani, akapanda ya kukodi, kwa sababu hakutaka wale waasi wa msituni waichukue. Wale watu wakaingia mashambani siku ya nne. Wavunaji kumi na mmoja walirudi wakikimbia. Esdras hakurudi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Waingereza, yenye umri mkubwa kuliko Esdras mwenyewe. Baba yake, mfanyabiashara wa kahawa, aliivusha kutoka Uganda kupitia Kasindi. Ilikuwa na silinda mbili, na kila silinda na kabureta yake, na kabureta hizo zilipaswa kuvuta sawasawa, la sivyo injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Kwa miaka kumi na miwili Esdras aliileta kila mwezi wairekebishe pamoja. Umeme wa kupulizia haukuwapo, hivyo vitundu vya petroli walivisafisha kwa mdomo. Kahongya alipuliza vya kulia, Esdras vya kushoto. Kahongya na Virginie hawakuona haja ya kutafuta sababu nyingine ya pumzi yake kuwa humo.

Kahongya akachukua bisibisi. Kila kabureta ina skrubu ndogo ya hewa. Butembo injini hii inataka skrubu ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Masereka, juu milimani ambako hewa ni nyepesi, inataka miwili. Beni, chini, mmoja na robo. Kahongya aliyajua hayo kwa mikono, maana wateja wake walitoka kote huko. Kabureta ya kulia ilitaka mmoja na nusu, kama siku zote. Ile ya kushoto aliifunga polepole mpaka injini ikajikwaa, akaifungua mpaka ikajikwaa tena, akairudisha katikati ya pale na pale. Akahesabu. Mzunguko mmoja, haujatimia.

"Iko chini," akasema. "Chini ya Beni. Ku kakao."

"Mungu asifiwe," Virginie akasema, lakini uso wake haukusifu kitu. Alikuwa bado na mpira sikioni. Skrubu ilipofungwa, Esdras alitweta kama mtu aliyebanwa pua. Ilipofunguliwa kupita kiasi, alikohoa.

"Unamukata pumzi, Papa Kahongya."

"Namukata kidogo. Katikati haionekanake bila kupita huku na huku. Njia ingine hakuna."

Wakakubaliana kupima mara moja tu kwa siku, asubuhi, baada ya injini kupata joto. Joto lilichukua Salamu Maria kumi. Walizisali kwa sauti, wakiwa wamesimama, macho kwenye ile kabureta.

Jumatano skrubu ilikuwa palepale. Alhamisi vilevile. Siku hiyo Issaka, anayesafirisha sabuni na unga mpaka Beni, alipita kukaza mnyororo wa pikipiki yake. Naye akapewa mpira.

"Huyu hapana wa kufungwa," akasema. "Mutu wa kufungwa banamutembeza, anapanda, anashuka. Huyu anajificha mahali pamoja. Na kuko maji, munasikia? Ni ule mto nyuma ya kanisa ya zamani. Kakao inafika mpaka ku maji." Akasikiliza tena. "Mais Esdras naye! Hata mu kujificha anakoroma!"

Virginie akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Esdras aondoke, kisha akampiga Issaka kwa ncha ya kitenge.

"Na wale watu?" akauliza.

Issaka akasikiliza muda mrefu zaidi. "Bako karibu," akasema. "Njo maana anapumua kidogo-kidogo."

Basi walijua mahali alipo. Lakini njia ya kwenda huko ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka kizuizi bila askari wenye bunduki. Virginie akaenda kwenye bureau moja ya usalama, akaeleza. Hawakumcheka. Ijumaa saa nne mkubwa mmoja akaja Mususa na faili, akavua kofia, akasikiliza.

"Ni kweli," akasema. "Anapumua." Akaandika: *Mhusika anapumua.* "Altitude? Iko juu ao chini?"

Kahongya akapima. Esdras akatweta, akakohoa. Mkubwa akaandika.

"Tena."

"Mukubwa, mara moja inatosha," Virginie akasema. "Akikohoa wale watu batamusikia."

"Mama, minakuelewa. Mais copies ni tatu. Moja ya bureau, moja ya Beni, moja yako. Kila copie na kipimo yake. Bila vile dossier haiendi." Akagonga faili yake.

Kahongya akaweka bisibisi juu ya kiti cha pikipiki. "Basi pima mwenyewe, mukubwa."

"Mi hapana mécanicien."

Wote wawili wakamtazama Virginie. Bila karatasi hakuna ambaye angekwenda kumtafuta. Alishika rozari ndani ya mfuko wa koti mpaka msalaba ukamchoma kiganja.

"Pima," akasema.

Mara ya pili kikohozi kilikuwa kirefu. Mara ya tatu kilikuwa kikubwa, cha mtu aliyekizuia kwa mikono miwili akashindwa. Kisha kabureta ya kushoto ikanyamaza kabisa. Injini ikaenda kwa silinda moja, ikitikisika. Kahongya alifika Salamu Maria ya pili ndipo pumzi ikarudi, na sasa ilikuwa pumzi ya mtu anayekimbia.

Mkubwa alikuwa ameshafunga kalamu. "Dossier iko complet," akasema. "Tunangoja ordre tu."

Jumamosi asubuhi skrubu ya kushoto ilitaka mzunguko mmoja na nusu.

"Iko Butembo!" Virginie akatoka mbio mpaka barabarani, akatazama juu na chini. Walipita wanawake wenye mihogo, na lori moja. Akarudi.

Saa sita ilikuwa mizunguko miwili, urefu wa Masereka. Saa nane, mitatu. Issaka alisema kwamba urefu huo ni wa theluji ya Ruwenzori tu, na kwamba hakuna mtu anayepanda hivyo kwa miguu kwa siku moja. Hakutania tena. Pumzi haikuwa ya kukimbia, wala ya kujificha. Haikukohoa hata Kahongya alipokosea kipimo.

"Mizunguko mine," akasema Kahongya.

"Mine ni wapi?"

"Huko hapana tena jina, Mama."

Saa kumi uzi wa skrubu ukaisha. Skrubu ikaanguka mkononi mwake, na injini haikujali. Akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto. Kabureta zote mbili zilivuta kwa mlio mmoja, sawasawa kuliko siku yoyote ya ile miaka kumi na miwili. Virginie akazima injini mwenyewe. Wakapiga magoti juu ya mchanga wenye mafuta, wakasali fumbo moja zima la rozari.

Jumatatu ordre, amri ya kwenda kumtafuta, ilikuwa haijafika. Copie ya tatu, nakala ya Virginie, ilifika, imepigwa muhuri. Virginie akaipeleka parokia pamoja na ombi la misa ya marehemu. Karani akaisoma mara mbili.

"Mama, hapa imeandikwa anapumua."

Akamwandika Esdras katika misa ya wasafiri.

Jumanne Virginie alirudi Mususa kuchukua pikipiki. Bakuli la petroli la kabureta ya kushoto lilikuwa linavuja, gasketi yake imechoka, na gasketi za pikipiki ya umri ule haziuzwi Butembo. Kahongya huzikata mwenyewe kwa karatasi ngumu.

"Hii iko nguvu," Virginie akasema, akamkunjulia copie.

Kahongya alitafuta machoni mwake kama amesema kweli. Kisha akaitandika juu ya ukingo wa bakuli, akagongagonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka ikakatika kwa umbo lake, akaipaka mafuta, akakaza skrubu za bakuli. Nusu ya muhuri ilibaki inaonekana nje. Petroli haikuvuja.

"Wasingya, Papa Kahongya," akashukuru Virginie kwa Kinande, akapiga kiki.