Rafu ya Wote

Kilichowachekesha watu wa ofisini asubuhi hiyo ni simu ya dereva mmoja wa lori. Alikuwa amepimwa sukari, akaingia kwenye tovuti ya maabara kusoma majibu yake, akakuta jina lake juu kabisa na chini yake habari za uvimbe wa titi. Akauliza, kwa upole tu, kama hilo titi amepewa zawadi au atakuja kulilipia. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Fundi wao, Mitambo, naye alicheka, kisha akaacha ghafla, maana tovuti hiyo aliitengeneza yeye.

Jina la Mitambo alipewa na dada yake tangu utotoni, kwa tabia yake ya kufungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa zimepungua skrubu. Dada mtu alicheka wakati huo, na skrubu akazitafuta chini ya kitanda.

Jina sahihi, majibu ya mwingine! Haya, tuelezane, maana uchawi haumo humu. Kila anayeingia kwenye tovuti, seva humtengea mfuko wake, humo hukaa vitu vyake mpaka atoke. Pembeni ipo rafu ya wote, ya mambo ambayo hata mpita njia akiyaona hakuna neno: saa za kufungua, namba ya simu, matangazo. Majina ya wagonjwa Mitambo aliyaweka mfukoni, kila mtu na mfuko wake. Majibu, kwa haraka zake zile, aliyapitishia kwenye rafu. Mgonjwa akifungua, majibu yake hupandishwa rafuni, ukurasa wake unayachukua, basi. Wakigongana wawili kwa sekunde moja, ya huyu hufutwa na ya yule, na huyu anaondoka na ya mwenzake bila habari. Mitambo alikuwa ameijaribu mwezi mzima na haikukosea hata mara moja, kwa kuwa aliijaribu peke yake. Ukiishi peke yako, mswaki wowote ulioko bafuni ni wako.

Na juzi tu dada yake alifungua majibu kwenye tovuti hiyo hiyo.

 Dada huyo, fundi cherehani, ndiye aliyemlea Mitambo baada ya mama yao kufariki. Walimkuta na uvimbe kwenye titi, wakakata kipande kidogo wakapeleka maabara, na nyumba nzima ikaishi roho mkononi. Juzi akapiga simu, analia na kucheka kwa pamoja: hakuna saratani. Shemeji akafungulia muziki hadi majirani wakagonga ukuta. Daktari alikuwa ameshampangia siku ya kurudi, Dada akaighairi papo hapo. Alisema mtu asiyeumwa haendi hospitali kusalimia.

Mitambo akaketi, akainuka, akaketi tena. Alienda kunywa maji akarudi na glasi tupu. Mkuu wa kitengo alimwambia airekebishe kimyakimya, na asimweleze mtu yeyote mpaka yeye azungumze na wenye maabara. Sawa. Akaifunga tovuti, akayahamisha majibu kutoka rafuni, kila ya mtu ndani ya mfuko wa mtu. Kisha akawaketisha wenzake wawili, akawapa wagonjwa wa kubuni, akawaamuru wabonyeze pamoja, tena na tena, mpaka wakamnung'unikia. Kila mmoja alipata yake, ndipo akaifungua tovuti tena. Hicho ndicho kipimo alichopaswa kukifanya tangu mwanzo, na alijichukia kwa hilo.

Ufunguo wa kusoma majibu ya yeyote alikuwa nao. Aliandika namba ya Dada kwenye kompyuta, akaifuta. Alijiambia si haki kumsoma dada yake kwa mlango wa nyuma, na hiyo ni kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba aliogopa. Akachukua mkoba wake. Mkuu aliuliza anakwenda wapi, akaambulia mgongo.

Alimkuta Dada dirishani, pini mdomoni, anakunja pindo la pazia. Mitambo hakungoja hata kukaribishwa. Akasema yote akiwa amesimama: rafu, mifuko, dereva na titi lake. Dada hakuinua macho, mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani. Pazia lilipofika mwisho ndipo akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Niliifungua tena jioni ile ile," alisema. "Nilitaka kumsomea shemeji yako. Ikasema kingine."

Mitambo akavuta kiti, akaketi.

"Nikaizima. Nikasema mtambo umekosea, si mdogo wangu alikuwa anabakiza skrubu?" Alijaribu kutabasamu. "Nikachagua ile niliyoipenda."

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeitengeneza."

Dada akakata uzi wa pazia. Mwishowe Dada akaisogeza simu yake juu ya kitambaa, akasema haya, fungua, na usinisomee, nitasoma mwenyewe. Mitambo akafungua. Jina la Dada likatokea, na chini yake majibu yake. Dada alisoma polepole, midomo ikitikisika, kisha akairudisha simu na kuushika mkono wa mdogo wake, yeye ndiye anayembembeleza.

"Mpigie daktari," alisema. "Mwambie ile siku naitaka."

Mitambo akasema atapiga, sasa hivi atapiga, lakini kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo. Akaufungua ukurasa upya. Yakaja maneno yale yale. Akaufungua tena, na tena, akiomba ukosee hata mara moja tu. Haukukosea.